Ramani ya Lugha katika Ubongo: Historia Yake na Suala la Msemaji wa Lugha Tatu

1. Utangulizi

Uhusiano uliopo kati ya lugha na ubongo umewashughulisha matabibu kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu. Wanaisimu wa lugha za Kiafrika, kwa upande wao, wameelekea kuuona kuwa ni jambo la hospitali lisilowahusu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo haufai. Historia ya kuchora ramani ya lugha katika ubongo ni historia ya maswali aliyoulizwa mgonjwa, na kila swali lina lugha yake. Ramani inayopatikana ni ramani ya lugha iliyoulizwa, wala si ya lugha zote alizo nazo mtu.

Ili suala hili lieleweke wazi, mfano utakaotumiwa ni wa Kinoru, sehemu ya mji wa Meru iliyo katika Imenti Kaskazini. Mkazi wa hapo hulelewa kwa Kimeru, na hasa kwa lahaja ya Kiimenti. Sokoni na katika matatu hukutana na watu wa Embu, wa Isiolo na wa Nairobi, na hapo hutumia Kiswahili. Darasani, baada ya miaka michache ya mwanzo, hufundishwa kwa Kiingereza. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu Wameru karibu milioni 2, na wengi wao huishi kwa lugha zaidi ya moja kila siku. Mtu wa namna hii akipatwa na uvimbe katika upande wa kushoto wa ubongo, au na kifafa kisichosikia dawa, daktari mpasuaji hutaka kujua, kabla ya kukata, lugha ya mgonjwa iko wapi. Lakini kuna swali linalotangulia hilo, nalo ni hili: lugha ipi?

2. Kutoka kwa Maiti hadi kwa Mgonjwa Aliye Macho

Kwa kawaida historia hii huanzia Ufaransa mwaka 1861. Katika mwezi wa Aprili mwaka huo daktari Paul Broca alimpokea katika hospitali ya Bicêtre mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja tu, "tan". Alielewa aliyoambiwa, na alijibu kwa ishara za mkono. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Mgonjwa wa pili wa mwaka huohuo, Lelong, alikuwa amebakiwa na maneno machache mno, na neno lake la "tatu" lilitumika kwa kila hesabu. Kufikia mwaka 1865 Broca alikuwa amefikia uamuzi kwamba usemaji, kwa watu walio wengi, hutegemea nusu ya kushoto ya ubongo. Mwaka 1874 Carl Wernicke, wa Ujerumani, alieleza hali nyingine: wagonjwa waliosema kwa wepesi, lakini maneno yao yalikosa maana na hawakuelewa waliyoambiwa. Kwao, sehemu iliyoharibika ilikuwa nyuma zaidi, karibu na sikio.

Ramani hizo za kwanza zilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, zilichorwa baada ya kifo, na hivyo hazikumfaa mgonjwa mwenyewe. Pili, zilitokana na wagonjwa walioulizwa kwa Kifaransa na Kijerumani tu, kisha zikachukuliwa kuwa ni ramani za lugha kwa jumla.

Kasoro ya kwanza iliondolewa katika karne ya 20. Wilder Penfield, aliyeanzisha Taasisi ya Neva ya Montreal nchini Kanada mwaka 1934, aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho. Jambo hili liliwezekana kwa sababu ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Ngozi ya kichwa ndiyo inayohitaji dawa ya ganzi. Fuvu likisha kufunguliwa, Penfield aligusa gamba la ubongo kwa umeme hafifu huku mgonjwa akionyeshwa picha na kutakiwa kuzitaja. Pale ambapo umeme ulimfanya mgonjwa ashindwe kutaja kitu alichokijua, daktari aliweka alama, naye hakupakata. Kitabu alichokitoa pamoja na Lamar Roberts mwaka 1959 kilieleza matokeo ya kazi hiyo ya miaka mingi.

Njia ya pili ilitoka Japani. Mwaka 1949 Juhn Wada alitangaza namna ya kuilaza nusu moja ya ubongo kwa dawa iliyopitishwa katika mshipa mkubwa wa shingo. Nusu hiyo ikilala na mgonjwa akashindwa kusema, basi hujulikana kwamba lugha imo humo. Wada alihamia Montreal, na kwa kutumia njia yake madaktari wa huko walipata takwimu zilizotangazwa na Rasmussen na Milner mwaka 1977. Miongoni mwa wagonjwa wao watumiao mkono wa kulia, 96 kwa kila 100 walikuwa na lugha upande wa kushoto. Kwa watumiao mkono wa kushoto walikuwa 70 kwa kila 100. Kwa hiyo mpasuaji hawezi kutegemea kanuni ya jumla peke yake, maana mgonjwa aliye mbele yake huenda akawa ni mmoja wa wale wachache.

3. Zama za Picha

Njia ya Penfield ilihitaji kufungua kichwa kwanza, na njia ya Wada ilikuwa na hatari zake. Ilitafutwa njia ya kuuona ubongo bila ya kuugusa. Chanzo kimojawapo cha njia hiyo kilikuwa Afrika. Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack, akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur huko Cape Town, alianza kufikiri jinsi ya kupata kwa hesabu picha ya ndani ya mwili kutokana na miale ya eksirei ipitishwayo kutoka pande nyingi. Godfrey Hounsfield wa Uingereza, pasipo kutegemea kazi ya Cormack, alitengeneza mashine ya kufanya jambo hilo, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo jijini London mwezi wa Oktoba mwaka 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Baada ya hapo zilikuja mashine zitumiazo sumaku badala ya eksirei, zilizotokana na kazi ya Paul Lauterbur, iliyotangazwa mwaka 1973, na ya Peter Mansfield. Hawa nao walituzwa mwaka 2003.

Picha hizo zilionyesha umbo la ubongo, lakini hazikuonyesha kazi yake. Hatua hiyo ilifikiwa mwaka 1990, Seiji Ogawa na wenzake walipoonyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa na oksijeni hazina tabia moja mbele ya sumaku. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu mpya kwa wingi, na mashine huweza kuitambua tofauti hiyo. Mwaka 1992 vilitolewa vielezo vya kwanza vya matumizi ya njia hii kwa binadamu.

Kwa msomaji wa isimu, ni muhimu aelewe namna picha hiyo inavyopatikana. Mgonjwa hulala ndani ya mashine. Kwa muda wa nusu dakika hivi hupewa kazi ya lugha, kwa mfano kufikiri maneno ya aina fulani. Kisha hupumzishwa kwa muda kama huo, au hupewa kazi isiyo ya lugha. Na mzunguko huo hurudiwa. Baadaye hesabu hufanywa kulinganisha vipindi hivyo viwili. Mahali palipobadilika ndipo hutiwa rangi katika picha. Kwa hiyo rangi ile si "lugha" yenyewe. Ni tofauti kati ya kazi moja na nyingine, na kazi isipochaguliwa vizuri, rangi nayo haitakuwa na maana iliyokusudiwa.

Aidha, picha huonyesha sehemu zinazoshiriki katika kazi, ambapo umeme wa Penfield huonyesha sehemu ambazo kazi haiwezi kufanyika bila yake. Ndiyo sababu picha hutumiwa kupanga njia ya kupitia, na kugusa kwa umeme hutumiwa, pale inapowezekana, kuthibitisha njia hiyo.

4. Ubongo wa Mtu Mwenye Lugha Zaidi ya Moja

Kasoro ya pili, yaani ile ya kuuliza kwa lugha moja, ilichukua muda mrefu zaidi kutambuliwa. Kabla ya karne ya 19 kwisha, wataalamu wawili wa Ufaransa walikwisha kutoa maoni juu ya wagonjwa wa lugha nyingi. Théodule Ribot alishikilia, mwaka 1881, kwamba kumbukumbu za kale ndizo zinazodumu, na hivyo lugha ya kwanza huhifadhika kuliko nyingine. Albert Pitres, mwaka 1895, alidai kwamba lugha inayorudi kwanza ni ile iliyotumiwa zaidi na mgonjwa kabla ya kuugua. Kwa mtu wa Kinoru tofauti kati ya maoni hayo si ndogo. Kwa mujibu wa Ribot, Kimeru ndicho kingesalimika. Kwa mujibu wa Pitres, mwalimu au karani aliyefanya kazi kwa Kiingereza kwa miaka 30 huenda Kiingereza ndicho kingemrudia.

Michel Paradis, akizipanga habari za wagonjwa wengi mwaka 1977, alionyesha kwamba hakuna kanuni moja. Mara nyingi lugha zote huharibika na kurudi kwa pamoja. Lakini wapo ambao lugha moja iliwarudia na nyingine isiwarudie, wapo ambao lugha ya pili ilianza kurudi baada tu ya ile ya kwanza kukamilika, na wapo ambao lugha moja ilipozidi kurudi nyingine ilizidi kupotea. Mwaka 1987 Paradis alitoa majaribio ya afasia kwa watu wa lugha mbili, yaliyotungwa upya kwa kila lugha badala ya kufasiriwa neno kwa neno.

Uchunguzi wa wapasuaji nao uliunga mkono hoja hiyo. Mwaka 1978 George Ojemann na Harry Whitaker walieleza wagonjwa waliogusiwa ubongo kwa umeme huku wakitaja vitu kwa lugha zao mbili. Palikuwa na mahali ambapo lugha zote mbili zilikatizwa, na palikuwa na mahali ambapo moja ilikatizwa na nyingine ikaendelea. Ripoti ya Lucas, McKhann na Ojemann ya mwaka 2004, iliyohusu wagonjwa 25 wa lugha mbili, ilithibitisha kuwapo kwa mahali pa aina zote mbili.

Kwa upande wa picha, Kim na wenzake walichapisha mwaka 1997 matokeo ya watu 12. Kwa wale waliojifunza lugha ya pili wakiwa wakubwa, lugha hizo mbili zilionekana katika sehemu jirani lakini tofauti za eneo la Broca. Kwa waliojifunza zote mbili utotoni sehemu hizo hazikutengana. Wachunguzi wengine baadaye walisisitiza kwamba umahiri wa msemaji una uzito kama ulivyo umri wa kujifunza.

Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi mpana zaidi, wa lugha 45 za jamii 12, na Kiswahili kikiwamo. Ulionyesha kwamba mtandao wa lugha katika ubongo una sura inayofanana kwa wasemaji wa lugha hizo zote: sehemu zilezile kwa jumla, na upande wa kushoto ukitangulia. Huenda mtu akauliza: ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini kuhangaika na Kimeru? Jibu ni kwamba kufanana kwa jumla hakumsaidii mpasuaji anayehesabu milimita. Watu wote wana mkono, lakini mishipa ya mkono wa huyu haipiti sawasawa na ya yule. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliwahusu watu wazima wenye afya, kila mmoja akisikiliza lugha yake ya kwanza. Mgonjwa mwenye uvimbe na lugha tatu ni suala jingine.

5. Upasuaji wa Kichwa Afrika Mashariki

Kupasua kichwa si jambo geni katika Afrika Mashariki. Miongoni mwa Abagusii wa magharibi mwa Kenya walikuwapo waganga, ababari, waliofungua fuvu la mtu aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa baada ya kuumia. Walikwangua mfupa hadi sehemu yake ikaondoka, wakijihadhari wasitoboe utando unaoufunika ubongo, na mgonjwa alikuwa macho wakati wote. Kazi hiyo iliandikwa na wataalamu wa kigeni katikati ya karne ya 20, akiwamo Edward Margetts. Haikuwa na uhusiano na kutafuta lugha. Hata hivyo, jambo moja lafaa kuzingatiwa: omobari na mgonjwa wake walisema lugha moja, na aliyekuwa akikwangua aliweza kuelewa kila neno lililotamkwa chini ya mkono wake.

Upasuaji wa ubongo wa kisasa ulipoingia Nairobi hali ilikuwa tofauti. Renato Ruberti, aliyetoka Napoli nchini Italia, alianza kazi hiyo Nairobi mwaka 1967. Gerishom Sande, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufuzu katika fani hii, alisomea Belfast. Waliofuata walifundishwa nchini na ng'ambo, lakini lugha ya mafunzo, ya vitabu na ya faili za wagonjwa ilikuwa ni Kiingereza, na ndivyo ilivyo hata leo. Mgonjwa wa Kinoru anayehitaji uchunguzi wa namna hii husafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Nairobi, na hapo hukutana na mtaalamu ambaye yumkini hajui Kimeru. Lugha inayowakutanisha ni Kiswahili au Kiingereza. Basi majaribio hufanywa kwa lugha hiyo, kwa kuwa ndiyo inayopatikana.

Hapa ndipo hatari ilipo. Na tuseme mgonjwa ni mwalimu aliyestaafu. Anaulizwa kwa Kiingereza, anajibu vizuri, ramani inachorwa, na sehemu isiyotiwa rangi inakatwa. Akiamka anaweza kusoma gazeti, na faili inaandikwa kwamba lugha imesalimika. Lakini endapo katika sehemu iliyokatwa palikuwa na mahali pa Kimeru peke yake, kama wale wagonjwa wa mwaka 1978 na 2004 wanavyoonyesha kuwa jambo hilo huweza kutokea, mtu huyu atarudi nyumbani asiweze kuzungumza na mama yake mzazi. Hasara hiyo haitaonekana katika faili, kwa sababu hakuna aliyeiuliza.

6. Kwa Nini Kufasiri Hakutoshi

Mtu anaweza kufikiri kwamba dawa ya tatizo hili ni kuyafasiri majaribio ya Kiingereza. Wagiriki hawakufanya hivyo. Jaribio moja linalotumiwa sana humtaka mtu ataje maneno mengi kadiri awezavyo yanayoanza na herufi fulani, na kwa Kiingereza herufi zilizozoeleka ni F, A na S. Wataalamu wa Ugiriki walitafuta herufi zifaazo lugha yao, yaani khi, sigma na alfa, na mwaka 2004 wakatangaza vipimo vilivyotokana na wasemaji wenye afya wa umri na elimu mbalimbali. Ndipo madaktari wao walipopata kipimo cha kumlinganishia mgonjwa. Kigiriki kina wasemaji milioni kumi na zaidi kidogo; Kiswahili kina wengi kuliko hao.

Kwa lugha za Kibantu tatizo ni kubwa zaidi kuliko kubadili herufi. Herufi ya mwanzo ya nomino nyingi za Kiswahili ni ya kiambishi cha ngeli. Anayetakiwa kutaja maneno ya K atamimina kiti, kitabu, kisu na kikombe, na kwa kufanya hivyo atakuwa ameonyesha ujuzi wake wa ngeli ya KI-VI badala ya uwezo wa kuchambua sauti. Katika Kimeru hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kitenzi-jina huanza na K au G kufuatana na konsonanti inayofuata, kwa mujibu wa Kanuni ya Dahl: "kûrîma", yaani kulima, lakini "gûkena", yaani kufurahi. Mgonjwa akitaja maneno ya G hatakuwa akitafuta herufi. Atakuwa akitumia kanuni ya fonolojia ya lugha yake.

Jaribio jingine humpa mgonjwa nomino na kumtaka afikirie kitenzi chake. Kwa Kiingereza kila nomino huelekea kuwa na kitenzi chake mahsusi. Kwa Kiswahili ukisema picha, pasi, simu, ngoma, kengele au deki, jibu ni moja: piga. Baada ya nomino tatu mgonjwa hatafuti tena neno, anarudia tu, na ubongo unaorudia haufanyi kazi ileile ya ubongo unaotafuta. Picha itakayopatikana itakuwa hafifu, na daktari asiyejua Kiswahili ataweza kudhani kwamba udhaifu huo ni wa mgonjwa.

Katika mapendekezo ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2017 yamo pia majaribio ya kukamilisha sentensi na ya kuamua kama maneno mawili yana kina kimoja. Haya nayo yanahitaji kutazamwa upya. Katika sentensi ya Kiswahili, kiambishi cha yambwa hutangulia kutoa habari: "Mama alikifuta..." humwambia msikilizaji kwamba neno linalokuja ni la ngeli ya KI, na hivyo ugumu wa swali hupungua kabla halijakwisha. Ama kuhusu vina, msemaji wa Kiingereza hana budi kuyasikia maneno moyoni, kwa sababu maandishi ya lugha hiyo hayalingani na matamshi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mgonjwa anaweza kulinganisha silabi za mwisho kwa macho tu, na jaribio la sauti likageuka kuwa jaribio la kuona. Jaribio hilo litafaa iwapo maneno yatasikizwa wala hayataandikwa, na likifanywa hivyo litamfaa hata asiyejua kusoma.

Katika kutaja picha kuna matatizo mawili. La kwanza ni la vitu vyenyewe. Jaribio la Boston la mwaka 1983, lenye picha 60, lina nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini ya dunia na mnyama wa mito ya Marekani ajengaye mabwawa. Mkazi wa Kinoru aliyeshindwa kuvitaja hakupungukiwa na lugha. Kwake picha zifaazo ni kama za panga, jembe, kinu, kiondo, mgomba na jiko la makaa. Tatizo la pili ni la undugu wa lugha. Akionyeshwa picha ya ng'ombe na kusema "ng'ombe", amesema Kimeru au Kiswahili? Neno ni moja katika lugha zote mbili, na ndivyo lilivyo neno nyama. Picha za namna hii haziwezi kuzitenganisha lugha. Inafaa zitumiwe zile ambazo majina yake yameachana, kama vile mbuzi, ambaye kwa Kimeru ni "mbûri", na hata hapo yafaa kukumbuka kwamba maneno hayo yana asili moja.

Jambo la toni pia halina budi kutajwa. Kimeru ni lugha ya toni. Kiswahili na Kiingereza si lugha za toni. Mwaka 1973 Van Lancker na Fromkin walionyesha kwamba wasemaji wa Kithai huzishughulikia toni za maneno kwa upande wa kushoto wa ubongo, kama sehemu ya lugha, ambapo wasemaji wa Kiingereza waliosikilizishwa toni hizohizo hawakufanya hivyo. Jaribio la Kiswahili, hata likiwa zuri namna gani, haliigusi sehemu hii ya ujuzi wa Mmeru.

Mwisho ni suala la kosa. Wakati wa upasuaji, mgonjwa akiwa macho, msikilizaji hupaswa kuamua papo hapo kama jibu ni sahihi. Mgonjwa akisema "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", je, umeme umevuruga upatanisho wa ngeli? Mtahini aliyelelewa katika Kiswahili sanifu atasema ndiyo, naye atamwonya mpasuaji aache. Lakini usemi huo ni wa kawaida katika Kiswahili cha bara nchini Kenya, na yawezekana mgonjwa amesema hivyo maisha yake yote. Kinyume chake, mgonjwa aliyekuwa akisema "changu" kila siku, kisha ghafula akasema "yangu", amepatwa na jambo, na mtahini mwenye kuvumilia kila usemi hatalitambua. Jibu halimo katika kamusi wala katika sarufi. Limo katika rekodi ya usemi wa mgonjwa mwenyewe, iliyochukuliwa kabla ya kupasuliwa na kuchambuliwa na mtu anayezijua lahaja.

7. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba vyombo vimebadilika sana tangu mwaka 1861, lakini kiini cha kazi hakikubadilika: mtu anaulizwa, anajibu, na jibu lake linaoanishwa na mahali katika ubongo. Mashine ya sumaku haiwezi kusahihisha swali baya. Kigiriki kilipata majaribio yake kwa kuwa wasomi wa lugha hiyo waliyatunga. Kiswahili, Kimeru na Kiembu havitayapata kwa njia nyingine.

Kazi yenyewe si kubwa kupita uwezo wa idara ya lugha. Zinahitajika orodha tatu za maneno, za Kimeru, Kiswahili na Kiingereza, zilizolingana kwa ugumu na kwa mazoea ya watu. Maneno yanayofanana katika lugha mbili yatengwe. Zinahitajika picha za vitu vinavyojulikana, zikiwa zimejaribiwa kwa watu wenye afya wa Meru na Embu, wazee kwa vijana, waliosoma na wasiosoma, ili ijulikane jibu la kawaida ni lipi. Zinahitajika sentensi na hadithi fupi zilizorekodiwa kwa sauti, pamoja na maelezo ya tofauti za lahaja, kuanzia Kiimenti na Kitigania hadi Kimwimbi na Kichuka. Kuchanganya lugha katika jibu kusihesabiwe kuwa ni kosa kwa mtu ambaye huchanganya kila siku. Zaidi ya hayo, daktari ahimizwe kumwuliza mgonjwa mapema, pamoja na jamaa zake: ni lugha ipi asiyoweza kuishi bila yake?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Kifungu hicho kimezoeleka kujadiliwa kwa kuhusisha shule, vitabu na utangazaji. Chumba cha upasuaji nacho kimo ndani yake. Huko, lugha isiyoandaliwa majaribio haisubiri kufa kwa vizazi. Inaweza kuondolewa kwa mtu mmoja katika saa chache, na wote waliohusika wakaamini kwamba kazi imefanyika vizuri.